Kufumua Kazi ya Mwingine

Je, anunuaye chombo hununua na elimu iliyokifanya, au hununua umbo lake tu? Swali hili ni kongwe kuliko mashine, na katika Dar es Salaam hujibiwa kila siku kwa vitendo kabla ya kuulizwa kwa maneno. Katika vibanda vya Tandika, Mbagala, Manzese na Mwananyamala, fundi huletewa simu iliyokufa. Mtengenezaji wake hakumpa ramani ya saketi. Fundi huifungua, huiweka bodi chini ya hadubini, hupima njia za umeme moja baada ya moja, hulinganisha bodi mbovu na bodi nzima, mpaka ugonjwa ukaonekana. Alichokipata hakufundishwa na mwenye kazi; amekitoa katika kazi yenyewe. Mwenye simu humshukuru, wala hapana jirani amwitaye mwizi.

Kazi hiyohiyo hufanywa kwa kina kirefu zaidi na wale wafumuao chipu za kompyuta za zamani. Ganda la chipu huyeyushwa kwa asidi kali, kikabaki kipande cha silikoni kidogo kuliko ukucha. Kwa kuwa silikoni haipitishi nuru tuionayo, hutumiwa hadubini imulikayo kutoka juu. Picha nyingi hupigwa zikaunganishwa kuwa ramani moja, na ramani hiyo ikasomwa transista kwa transista. Hivyo ndivyo ilivyosomwa chipu ya 6502, iliyotolewa na MOS Technology mwaka 1975. Transista zake, zipatazo 3,500, zilikuwa zimepangwa kwa michoro ya mkono. Mwaka 2010 Greg James, Brian Silverman na Barry Silverman walionyesha mfano wake utendao kazi ndani ya kompyuta ya kisasa. Fikira za wachoraji wale zikasomeka tena baada ya miaka 35.

Mpinzani atasema kwamba siri ya kazi ni jasho la mtu, na aifichuaye amekula jasho lisilo lake. Hoja hii si nyepesi. Aliyetumia miaka na mali kubuni kitu anastahili malipo, na jamii iwanyimayo wabunifu haki yao hukosa wabunifu. Historia ya chipu hiyohiyo ni ushahidi. Wahandisi walioibuni walitoka katika kampuni ya Motorola mwaka 1974, na pacha wake, 6501, iliundwa iweze kuchomekwa mahali pa chipu ya Motorola. Motorola ikashtaki. Mwaka 1976 shauri likaisha kwa mapatano: 6501 ikaachwa, na MOS Technology ikalipa dola 200,000.

Walakini mpaka upo, na unaweza kuonekana. Sheria ya Marekani ya mwaka 1984 ya kulinda chipu iliuchora waziwazi: kunakili mchoro wa mwingine ili kuuza ni kosa, kuunakili ili kufundisha, kuchambua na kupima ni halali. Mwanafunzi asomaye utenzi mpaka akajua mizani na vina vyake hakumwibia malenga. Mwizi ni yule afutaye jina la malenga akaandika lake.

Tanzania ina sababu yake ya kulipima neno hili. Kompyuta ya kwanza iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mashine ilikuwa nchini, lakini elimu yake kwa sehemu kubwa ilikuwa mikononi mwa wageni. Mwaka 1974, baada ya hasara, serikali ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta. Marufuku hiyo ililegezwa miaka ya baadaye. Busara yake inaweza kubishaniwa, funzo lake haliwezi: mwenye chombo asichokifahamu ni mpangaji katika nyumba aliyoinunua. Akiondoka mwenye ufunguo, hulala nje.

Basi kufumua ni haki, na pengine ni wajibu. Lakini una adabu mbili. Kwanza, afumuaye huharibu. Chipu iliyoingia katika asidi aghalabu hairudi kazini. Yafaa ichaguliwe iliyokwisha kufa, au moja kati ya nyingi, na picha zake zihifadhiwe ili ya pili isiuawe kwa sababu ileile.

Adabu ya pili ni nzito zaidi: aliyeona na aonyeshe. Fundi wa Temeke agunduaye njia ya ugonjwa, kisha akamficha mwanagenzi wake, amerudia choyo cha kiwanda kilichomnyima ramani. Naye ana udhuru: watoto wake hula kwa siri hiyo. Udhuru huo ni uleule wa kiwanda, tena kwake una uchungu zaidi, kwa kuwa hana wakili wala hataza. Astahili ada ya kufundisha, kama ilivyo desturi ya fundi na mwanagenzi tangu kale. Lakini hawezi kudai kwa mgeni haki ya kujua, kisha akamnyima mwenzake wa kibanda cha pili. Chuo cha VETA cha Chang'ombe kimo humohumo Temeke. Daftari la fundi lingeweza kusomwa darasani humo.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Ujuzi ulio mikononi ni mali, na mikono huzeeka.