Chati Haikijui Kikapu

Wanangu mnaoanza zamu mwaka huu, vuteni viti. Nimepima presha zaidi ya miaka thelathini, na mingi kati ya hiyo nilipima ovyo.

Mama mmoja alinifikia akihema, amebeba kikapu cha ndizi kichwani baada ya kupanda kilima kutoka sokoni. Sikumwacha hata ashushe pumzi. Nikamfunga mkanda mmoja tu uliokuwa mezani, mwembamba kwa mkono wake mnene, nikapuliza huku nikimuuliza hali ya wajukuu. 168 kwa 100! Akaandikiwa vidonge siku ileile. Wiki mbili baadaye wakamleta alfajiri, ameanguka chooni kwa kizunguzungu. Daktari alipomsimamishia dawa na kumpima kwa utulivu, siku tatu tofauti, namba ya juu haikuvuka 130.

Basi mgonjwa akae dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo sakafuni, mkono umelazwa mezani usawa wa moyo. Awe ametoka kujisaidia. Na mnyamaze, ninyi na yeye. Mkono ukining'inia, namba hupanda. Mkanda ukibana, hupanda. Soga nazo huipandisha. Rudieni kipimo baada ya dakika moja au mbili.

Kisha fungueni daftari la zamu. 120/80, 130/80, 140/90: sifuri tupu, kana kwamba damu ya binadamu inapenda sifuri. Kwenye mashine ya zebaki kila kistari ni milimita 2. Zile 134 na 146 zimekwenda wapi? Tumezimeza sisi, kwa haraka ya foleni.

Siku hizi mna chati za rangi zinazokisia nani atapata shambulio la moyo au kiharusi ndani ya miaka 10. Msizidharau. Mbegu yake ilipandwa Framingham, mji wa Massachusetts, Marekani, mwaka 1948, walipoanza kuwafuatilia wakazi 5,209. Karibu wote walikuwa Wazungu, na hesabu yao ilipopelekwa Japani na China ikakisia hatari kubwa kuliko iliyopo. Ndiyo maana chati za Shirika la Afya Duniani za mwaka 2019 zimegawanywa kwa kanda 21, na Afrika Mashariki ina yake.

Ila chati haikijui kikapu. Ukiipa 168 inaipokea, inakupa rangi, nawe unamtisha mtu. Hata namba ikiwa safi, chati ikisema asilimia 20 maana yake kati ya watu 100 wa hali yake, 20 hivi watapatwa. Yeye yumo kwenye hao 20 au wale 80? Hakuna ajuaye, kwa hiyo usimwambie, "Mama, wewe utapooza."

Na mkanda mpana, ambao ungemtosha mkono yule mama? Baada ya yeye kuanguka nilikwenda stoo kuuliza. Ulikuwa kabatini siku zote, bado uko ndani ya nailoni yake.