Ushujaa wa Asiye Askari

Mwezi Mei 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, majeshi ya Kiingereza ya Jenerali Northey yalipovuka mpaka kutoka Nyasaland na kuitwaa kwa Wajerumani Neu Langenburg, ndiyo Tukuyu ya leo, pamoja nayo walikwenda wapagazi walioitwa tengatenga, raia wasio na silaha wala cheo, sanduku la risasi kichwani na tope la Rungwe miguuni. Je, mtu kama huyo, aliyechukuliwa mara nyingi kwa nguvu, astahili kuitwa shujaa?

Marekani nayo ilitatizwa na swali hili: William Cody, raia aliyekuwa mpelelezi wa jeshi, alitunukiwa Nishani ya Heshima mwaka 1872, ikafutwa 1917, mwaka ule ule aliokufa, kwa hoja kwamba hakuwa askari, kisha ikarudishwa 1989; kana kwamba ushujaa hukaa katika sare! Na Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam, ya 1927, yawataja wapagazi katika maandishi yake, ingawa sanamu yenyewe ni ya askari.

Wanavyuoni husema amali hupimwa kwa nia, na hapo ndipo penye ugumu, maana nia ya aliyeshurutishwa ni ipi? Mimi nadhani ilidhihiri kila mpagazi alipotua mzigo wake ili amwinue mwenziwe aliyeanguka, jambo ambalo hakuna jemadari aliyeliamuru, na ambalo ujira wake huenda ulikuwa kiboko.