Shahidi Asiyetakiwa

David Hume alisimulia habari ya mwana wa mfalme wa Kihindi aliyekataa kuamini kwamba maji yanaweza kuganda kwa baridi yakawa magumu. Hume hakumcheka. Alisema mtu yule alifikiri sawasawa: maishani mwake hakuwahi kuona kitu cha namna hiyo, kwa hiyo alikuwa na haki ya kudai ushahidi mzito kabla ya kukubali. Mfano huu nilikutana nao katika kozi ya nadharia ya ujuzi, mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili, nikaupenda mara moja, labda kwa sababu barafu ninayoijua mimi ni ile ya kwenye friji na ya muuza samaki. Nimeufikiria tena mwaka huu wote kwa sababu ya kisa kingine cha barafu, ambacho watu wengi wenye elimu walikataa kumwamini shahidi, na sidhani kwamba Hume anaweza kuwaokoa.

Mei 1845 meli mbili za jeshi la majini la Uingereza, Erebus na Terror, ziliondoka nyumbani chini ya Sir John Franklin kutafuta njia ya bahari inayopita kaskazini mwa Amerika kwenda Bahari ya Pasifiki. Baada ya watu watano kurudishwa kutoka Greenland, walibaki 129. Wavuvi wa nyangumi waliziona meli hizo mwezi Julai, na baada ya hapo hakuna Mzungu mwingine aliyeziona zikielea. Kutoka kwao wenyewe tuna karatasi moja tu yenye habari za maana, iliyopatikana mwaka 1859 ndani ya rundo la mawe katika kisiwa cha King William. Sehemu ya kwanza, ya Mei 1847, inasema wote ni wazima. Pembezoni, kwa mwandiko wa Aprili 1848, nahodha James Fitzjames ameongeza kwamba Franklin alifariki Juni 1847, kwamba watu 24 wamekwisha kufa, kwamba meli zimekwama kwenye barafu tangu Septemba 1846 na zimeachwa, na kwamba 105 waliobaki wanaanza safari ya miguu kuelekea kusini, kwenye mto mkubwa wa bara. Hakurudi hata mmoja.

Lakini miaka mitano kabla ya karatasi hiyo kupatikana, habari zilikuwa zimeshafika London. Mwaka 1854 John Rae, daktari kutoka Orkney aliyefanya kazi na kampuni ya biashara ya manyoya, alikutana na Wainuiti waliomweleza kuhusu Wazungu waliokufa kwa njaa karibu na mto ule. Walimuuzia vijiko na uma za fedha zenye alama za maofisa, na nishani ya Franklin mwenyewe. Wakamwambia pia kwamba, kwa hali ya maiti na kwa vilivyokutwa ndani ya masufuria, watu wale mwishoni walikuwa wamekula wenzao. Rae aliandika taarifa yake kama alivyoisikia. Oktoba mwaka huo gazeti la The Times likaichapisha.

Mjane wa Franklin, Lady Jane, hakuweza kuvumilia. Sitaki kumsema vibaya. Kwa miaka alikuwa amehangaika na kutumia mali yake kutuma meli za utafutaji, na sasa anaambiwa hivi. Anayenishughulisha ni Charles Dickens, ambaye hakufiwa. Desemba 1854, katika gazeti lake la Household Words, aliandika makala ndefu kuonyesha kwamba habari ile haiwezi kuwa kweli. Ukiisoma kwa kutafuta hoja utakuta baadhi ni za haki kabisa: waliomsimulia Rae hawakuwa wameziona maiti kwa macho yao, bali walisikia kwa wengine, tena maneno yalipita kwa mkalimani. Angeishia hapo ningemheshimu. Lakini uzito wa makala hauko hapo. Uko katika dai kwamba mabaharia wa Uingereza, kwa malezi na nidhamu yao, hawawezi kufanya kitu kama hicho, na kwamba watu wa porini ni waongo kwa asili, wenye tamaa na ukatili. Akafika mbali zaidi, akadokeza kwamba pengine Wainuiti ndio waliowaua. Yaani shahidi aliyeleta habari ya msiba akageuzwa mshukiwa, bila ushahidi hata wa uvumi.

Rafiki yangu tunayesoma naye, mtu wa kupenda ubishi, alinikatiza tulipofika hapa. "Lakini dada, si ndiyo Hume huyo? Jambo la kushangaza linataka ushahidi wa kushangaza. Dickens amefanya kama mwana wa mfalme."

Hakufanya hivyo. Mwana wa mfalme alikataa kitu ambacho hakikuwamo katika uzoefu wake. Watu kula wafu baada ya ajali ya meli lilikuwa jambo linalofahamika kwa yeyote aliyesoma habari za bahari katika karne ile. Mwaka 1816 lilitokea kwa Wafaransa kwenye chelezo cha Méduse, na baadaye kwa Wamarekani wa Essex, meli iliyogongwa na nyangumi mwaka 1820. Tena Franklin mwenyewe aliwahi kuongoza msafara wa nchi kavu, kati ya 1819 na 1822, ambao watu wake zaidi ya nusu walikufa na waliobaki wakatafuna ngozi za viatu. Ndani ya msafara huo palikuwa na shaka kubwa kwamba mmoja wao, Michel, mtu wa kabila la Iroquois, aliwaletea wenzake nyama ya binadamu. Dickens aliijua habari hii. Aliitumia, lakini kwa kuonyesha kwamba aliyeshukiwa hakuwa Mwingereza. Kwa hiyo lililomshinda kuamini halikuwa tendo, kwa maana tendo lilikuwa linajulikana. Lililomshinda ni nani amelitenda na nani amelisema.

Miranda Fricker, katika kitabu chake cha 2007, anaielezea dhuluma ya aina hii: msemaji anapunguziwa uaminifu kwa jinsi alivyo, kabla neno lake halijapimwa. Wazee wetu walisema msema pweke hakosi. Kwa muda mrefu London ilisema peke yake.

Mifupa ilikuja kusema baadaye sana. Miaka ya 1980 Owen Beattie, mwanaanthropolojia wa Kanada, aliokota kisiwani mifupa yenye alama za kisu. Mwaka 1997 Anne Keenleyside na wenzake walichapisha uchunguzi wa mifupa karibu 400 kutoka sehemu moja ya kisiwa hicho, 92 kati yake ikiwa na mikato ya chuma. Uchunguzi mwingine, wa 2015, ulionyesha mifupa iliyovunjwa na kuchemshwa ili kupata uboho. Na mwaka 2024 vinasaba vilitambua taya moja yenye mikato kuwa ya James Fitzjames, yule yule aliyeandika pembezoni mwa karatasi. Cheo hakikumlinda.

Mimi siamini kwamba waliomla walimkosea. Alikuwa amekufa, wao walikuwa hawajafa. Ukiniuliza ni kosa gani la kimaadili linalotokea pale, mtu anapokata nyama ya mwenzake aliyekwisha kufa ili afike kesho, nitashindwa kukutajia aliyedhulumiwa. Heshima ya maiti ni kitu kikubwa, nimelelewa hivyo na sitanii nayo, ila ni deni la wenye chakula. Kwa hiyo naona Dickens aliwatetea wafu wale dhidi ya shtaka ambalo halikuhitaji utetezi, na gharama ya utetezi huo wakabebeshwa watu walio hai.

Tabia hii haikufa na Dickens. Angalia nadharia zilizofuata. Ile maarufu kuliko zote ni ya madini ya risasi. Beattie alifukua makaburi matatu katika kisiwa cha Beechey, ambako meli zilikaa majira ya baridi ya kwanza, akakuta kijana John Torrington, wa miaka 20, amehifadhiwa na barafu kiasi kwamba macho yake bado yalikuwepo. Kipimo cha risasi mwilini kilikuwa juu sana, na lawama ikaangukia lehemu ya makopo ya chakula, yaliyotengenezwa haraka na mzabuni aitwaye Goldner. Wengine wakasema ni mabomba ya maji ya meli. Wengine sumu ya chakula kilichoharibika, wengine kiseyeye. Ukucha wa Hartnell, mmoja wa wale watatu, ulionyesha upungufu mkubwa wa zinki. Utafiti wa 2018 uliolinganisha mifupa ya waliokufa mapema na waliokufa baadaye haukuona kwamba risasi ndiyo iliyoamua hatima yao.

Sina ugomvi na vipimo hivi. Ninachojiuliza ni kwa nini nadharia ya risasi ilipendwa vile. Nadhani ni kwa sababu ilimpa msomaji kitu kisafi: walilogwa na makopo. Akili zao ziliharibiwa, ndiyo maana wakaburuta mashua juu ya barafu ikiwa na vitambaa vya hariri, vitabu na vijiko vya fedha. Hakuna haja ya kuuliza kwa nini watu zaidi ya mia walitumwa mahali ambapo wenyeji hujigawa katika familia ndogo ndogo kwa kuwa mawindo hayatoshi kundi kubwa. Wainuiti walisema njaa tangu mwanzo, neno lisilohitaji maabara, nalo likaonekana dogo mno kwa msiba wa ukubwa ule.

Halafu zikapatikana meli. Erebus mwaka 2014, kusini kabisa mwa mahali zilipoachwa, katika eneo ambalo simulizi za Wainuiti zilikuwa zikilitaja tangu karne ya kumi na tisa. Terror mwaka 2016, baada ya Sammy Kogvik wa Gjoa Haven kuwaambia watafutaji kwamba miaka kadhaa nyuma aliona kitu kama mlingoti ukitokeza kwenye barafu ya ghuba moja. Alipiga picha, akapoteza kamera, akaichukulia kama ishara mbaya na kunyamaza. Magazeti yalishangilia: kumbe Wainuiti walikuwa sahihi! Mimi furaha hiyo inanikera kidogo. Kumwamini mtu baada ya mashine kuthibitisha alichosema ni kuiamini mashine. Kwa miaka 160 neno lao lilihesabiwa kama fununu, na siku lilipolingana na picha ya sona likapandishwa cheo likawa ushahidi.

Kumwamini shahidi si kumeza kila anachosema. Simulizi za Wainuiti zinapishana, zinachanganya meli mbili, zinachanganya misafara ya miaka tofauti. David Woodman, aliyezichambua katika kitabu cha 1991, alizihoji kama wakili anavyohoji, akizilinganisha moja na nyingine, akikubali hapa na kukataa pale. Hiyo ndiyo heshima ninayoizungumzia. Dickens hakuwahoji, aliwatukana.

Limebaki jaribio moja ambalo linanihusu mimi na wewe zaidi kuliko Dickens. Mwaka 1879 mzee aitwaye Puhtoorak aliwaeleza watu wa msafara wa Frederick Schwatka kuhusu meli iliyokwama kwenye barafu katika eneo lile la kusini. Wenzake hawakujua namna ya kuingia, wakatoboa ubavuni, na barafu ilipoyeyuka maji yakaingia ikazama. Ndani, alisema, alikuta maiti ya Mzungu kitandani. Maana yake ni kwamba kuna waliorudi melini baada ya Aprili 1848, jambo ambalo karatasi ya Fitzjames haiwezi kutuambia. Wapiga mbizi wa Kanada wamekuwa wakiingia ndani ya Erebus, iliyolala kwenye kina cha mita 11 tu, wakitoa sahani na vitu vingine vya maofisa. Maiti haijatangazwa kupatikana. Huenda imekwisha kuoza au kuchukuliwa na maji, huenda iko chini ya tope la chumba ambacho bado hawajakifikia.

Rafiki yangu anasema tusubiri wapiga mbizi. Mimi nimeshasoma alivyosema mzee yule, nimeona hana alichopata kwa kusema hivyo, na nimekubali kwamba palikuwa na mtu kitandani.