Haki ya Mwenza wa Njiani

Watu wamezoea kuzipima haki kwa kamba ziwafungazo: mzazi ana haki kwa damu, mke kwa ndoa, jirani kwa ukuta, mshirika kwa mapatano. Lakini yuko mtu mmoja asiyekuwa na hata kamba moja katika hizo, naye ni yule aketiye ubavuni mwa msafiri ndani ya basi. Huenda pamoja siku moja au tatu, wakala chakula kimoja na kulala chini ya dari moja, kisha kila mmoja akashuka kituo chake, wasionane tena mpaka siku ya Kiyama. Je, mtu huyu ana haki juu ya mwenziwe? Au yote afanyiwayo ni hisani tu, ambayo mtu akipenda huitenda, na asipopenda haulizwi?

Swali hili si la kupitishia wakati barazani. Katika Suratu Nnisaa, aya ya 36, wametajwa wazazi na jamaa na mayatima na majirani kuwa watendewe wema, na pamoja nao akatajwa mwenza aliye ubavuni. Wafasiri walikhitalifiana juu yake: wako waliosema kuwa ni mke, na wako, kama Mujahid na Qatada, waliosema kuwa ni mwenza wa safari. Kwa kauli hii ya pili msafiri ametiwa safu moja na mzazi na jirani. Wengi huisoma aya hii wala jambo hili halijawahi kuwapitia moyoni.

Tena imepokewa habari ya Seyyidna Umar (R.A.) kuwa mtu mmoja alimsifu mwenziwe mbele yake, naye akamwuliza kama ni jirani yake, au amefanya naye biashara ya pesa, au amesafiri naye. Aliposikia kuwa hakuna hata moja, alimwambia kuwa basi hamjui. Na watu wa mwambao nao husema kuwa ukitaka kumjua mtu, safiri naye.

Lakini yafaa kuuliza: safari humfunua mtu kwa njia gani? Katika misafara ya zamani mambo yalikuwa wazi. Maji yalikuwa machache, njia ina hofu, na mtu hakuweza kumkimbia mwenziwe katikati ya jangwa, basi uchoyo na ukali wa kila mmoja ulitoka nje. Msafiri wa basi hana dhiki hiyo. Akimchukia aliye karibu naye huhama kiti, au hungoja basi la kesho. Huenda mtu akasema kuwa safari za leo hazifunui kitu. Jibu ni kwamba zafunua, lakini kitu kingine: zafunua mtu alivyo pahala asipojulikana jina lake wala la babake, wala hapana shangazi wa kupeleka habari nyumbani.

Itazamwe nchi ya Nyuzilandi, iliyo kusini ya bahari ya Pasifiki, ambayo vijana wa Ulaya na Amerika na Asia huijia na shanta zao mgongoni kwa ajili ya uzuri wake. Kisiwa chake cha kaskazini kina milima ya moto na chemchemi zichemkazo, na cha kusini kina milima ya theluji, na mrefu wao ni Aoraki, mita 3,724. Msafiri hupanda basi Auckland, akateremka mpaka Wellington, mwendo wa kilomita 640 hivi, akavuka mlango wa bahari wa Cook kwa meli muda wa saa tatu na nusu, akatua Picton, na hapo basi jingine humngoja. Siku ya kwanza kila mtu hushika dirisha lake. Kisha mlima hutokea ghafula katika mawingu, mmoja akapiga ukelele, wote wakageuka, na tangu hapo huanza kuulizana watokako. Siku ya pili humegeana mkate. Siku ya tatu mmoja humweleza mwenziwe deni lake, au uchumba uliovunjika, au maneno ya ukali aliyomwambia babake kabla babake hajafa, mambo ambayo ndugu zake hawayajui.

Usiku hushukia katika nyumba za wasafiri, na nyumba hizi zina asili yake. Mwaka 1909 mwalimu mmoja wa Ujerumani, Richard Schirrmann, alikamatwa na tufani akiwa matembezini na wanafunzi wake, wakapata hifadhi katika jengo la skuli. Akawaza kuwa kila mji ungefaa uwe na pahala pa kuwalaza vijana wapitao kwa malipo madogo, na mwaka 1912 akafungua nyumba ya kudumu katika ngome ya Altena. Nyuzilandi mambo hayo yalianzishwa na Cora Wilding mwaka 1932, katika mji wa Christchurch. Mwaka 2020 mipaka ya nchi ilifungwa kwa ajili ya maradhi ya korona, wageni wakakatika, na mwaka 2021 chama hicho kilizifunga nyumba kilizokuwa kikiziendesha chenyewe. Nyumba za watu wengine zilibaki. Musafirkhana za Waislamu zilitangulia kwa karne nyingi, lakini hapa si pahala pa kushindania nani alianza. (Katika nyumba nyingi za huko wanaume na wanawake hutiwa chumba kimoja. Muislamu na aombe chumba cha wanaume, au chake peke yake, kabla hajalipa.)

Katika jiko la nyumba hizo aghalabu huwa na rafu moja ambayo vitu vyake havina mwenyewe. Mtu anayeondoka huweka juu yake mchele uliobaki, chupa ya mafuta iliyofika nusu, chumvi, majani ya chai, na ajaye kesho huchukua bila kumwomba mtu. Huko milimani viko vibanda zaidi ya 900 vinavyotunzwa na serikali, na vingi havina msimamizi. Mpitaji hutakiwa kununua tikiti yake, na asipoinunua aghalabu hapana amwonaye. Huandika jina lake na njia aendayo katika daftari, ili akipotea wajue pa kumtafutia. Na ada ya watu wa huko ni kwamba hukuondoka kwa murua mpaka uwe umepasua kuni na kuziweka pakavu, kwa ajili ya mtu atakayefika baadaye, pengine usiku, ameroa na mikono yake haishiki kiberiti.

Mwenye kupinga atasema kuwa mchele ule hauna sifa, kwani mtu ameuacha kwa kuwa shanta imejaa. Maneno haya yana ukweli wake. Mwenye kutoa asichokihitaji hawi sawa na mwenye kutoa akipendacho, na anayejisifu kwa nusu ya chupa ya mafuta amejidanganya. Hata hivyo angeweza kuutupa jaani, na wako wanaoutupa. Ama kuni ni jambo jingine kabisa. Kuni zina jasho, zina wakati wa asubuhi wenye baridi ambapo miguu yataka kuondoka, na malipo yake hayarudi kwa aliyepasua. Yeye naye alizikuta kuni za mwingine, atoto wake akauota, asiweze kumlipa aliyeziacha. Kwa hivyo deni lake ameliacha kwa wa nyuma yake. Yeyote aliyepita njia ya kwenda Milford huipata maana hii kwa macho, kwani basi hupenya ndani ya mlima kwa tundu lenye urefu wa kilomita 1 na zaidi, na kazi ya kulitoboa ilianza mwaka 1935 kwa watu wachache wenye sululu na mikokoteni. Abiria hupita kwa dakika chache akiwa amekaa. Atamlipa nani?

Lakini wasafiri hao hao, wa nchi hizo hizo, ndio walioisumbua Nyuzilandi hata mwaka 2011 ikatungwa sheria juu ya wale walalao ovyo kando ya barabara na maziwa, kwa sababu wengine walikuwa wakikidhi haja vichakani na kuacha takataka pahala ambapo watu wa nchi huteka maji na kuogesha watoto. Kwa Wamaori, wenyeji wa asili wa visiwa vile, jambo hili lina uchungu zaidi. Wao kumkirimu mgeni na kumhifadhi heshima yake hukuita manaakitanga, na mwenyeji akishindwa kumkirimu mgeni huona aibu imemshika yeye. Basi mgeni aliyetukuzwa hivi akauchafua mto wao amefanya nini? Hakuvunja sheria ya serikali peke yake. Amelipa ukarimu kwa khiyana, na akajipa moyo kwa neno moja, kwamba kesho hayuko.

Neno hilo, kesho sipo, ndilo mzizi wa jambo lote. Mmoja hulisema akapasua kuni, na mwingine hulisema akaacha uchafu. Ikiwa sababu ni moja na vitendo ni viwili, imejulikana kuwa si safari iliyomharibu huyu wala kumtengeneza yule. Aliyekuwa na haya mbele ya watu tu, haya zake hubaki nyumbani pamoja na watu wale. Aliyekuwa na haya mbele ya Mola wake huzichukua popote aendapo.

Yabaki suala lililo gumu kuliko yote hayo. Tuseme vijana wawili wamejuana siku nne katika basi. Wamefika Franz Josef, mji mdogo karibu na mto wa barafu katika pwani ya magharibi, ambao hospitali ya Greymouth iko mbali nao zaidi ya kilomita 150. Usiku mmoja wao akapatwa na homa kali. Asubuhi basi la mwenziwe laondoka, tikiti imelipwa, na meli na ndege za mbele zimepangwa kufuata basi hilo. Je, aondoke?

Wengi wataondoka, na watamwachia dawa na anwani na maneno mazuri. Nao watajiona wametimiza, kwa kuwa hawakuwa ndugu. Lakini kumwangalia mgonjwa ni katika mambo ya kifaya: wakisimama wengine, waliobaki hawana lawama. Basi mwenye kutaka kuondoka na atazame kwanza. Ikiwa mwenye nyumba ni mtu wa kutegemewa, au yuko mwingine aliyekubali kubaki, au daktari amekwisha kumpokea, aende na njia yake ni njema. Na ikiwa hakuna ajuaye kuwa mtu yule ni mgonjwa ila yeye, basi faradhi iliyokuwa ya wote imemwangukia yeye peke yake, na tikiti haimwondolei kitu. Hapo ndipo udugu wa siku nne hupimwa. Vicheko vyote vya garini havikuwa na gharama, na urafiki usiokuwa na gharama mtu hawezi kujua kama ulikuwapo.

Ibn Battuta, aliyetoka Tangier mwaka 1325 na baadaye akafika Mombasa na Kilwa, alisimulia kuwa mwanzoni mwa safari yake alishikwa na homa hata akajifunga kwa kilemba juu ya tandiko asianguke. Alipofika Tunis watu wa mji walitoka kuwalaki wenzake, kila mmoja akasalimiwa na anayemjua, naye hapakuwa na wa kumsalimu. Akalia. Mmoja wa mahujaji akaiona hali yake, akamwendea kwa salamu na maneno ya kumliwaza, wala hakumwacha mpaka walipoingia mjini. Alisafiri karibu miaka 30, akakaa na masultani akapewa kadhi na mali, na bado alipokuja kusimulia maisha yake hakumsahau yule mtu wa salamu.

Ama zile siri zilizosemwa katika basi, hizo ni amana kama amana nyingine. Aliyesema alidhani anamwambia mtu atakayetoweka, na kutoweka huko ndiko kulikofungua ulimi wake. Anayefika mji wa pili akazifanya hadithi ya kuchekesha mezani, hata asipotaja jina, amekula kitu alichowekeshwa.

Na kuhusu hasara ya yule aliyebaki Franz Josef na basi likaondoka: ikiwa mgonjwa ana uwezo, yafaa atakapopona aulize mwenyewe tikiti ilikuwa kiasi gani, asingoje kuambiwa. Na mwenziwe, ikiwa hakusharutisha malipo wakati ule wa homa, asiidai. Akipewa, apokee.