Geuza Ufunguo Ungali Mlangoni

Simama hapo hapo, ndugu yangu fundi! Usivuke kizingiti. Begi la vifaa liko begani, simu iko sikioni, bosi anauliza kazi itakwisha saa ngapi. Na hapo ukutani, usawa wa kifua chako, ipo swichi ya ufunguo ya mfumo wa gesi ya kuzimia moto. Itazame. Imeelekea wapi?

Unajua imeelekea wapi. Imeelekea otomatiki, kama jana, kama juzi, kama siku zote ulizoingia na kutoka mzima ukisema, "Dakika mbili tu."

Dakika mbili! Nyuma ya ukuta huo imepangwa mitungi ya kabonidioksaidi. Ili kuua moto, gesi hiyo humwagwa mpaka ifike asilimia 34 ya hewa ya chumba, au zaidi. Mtu akivuta asilimia 17 anapoteza fahamu kabla dakika haijaisha, na asipotolewa anakufa. Piga hesabu mwenyewe! Gesi inayotosha kuuzima moto ni mara mbili ya ile inayotosha kukuzima wewe.

Nawe unanijibu, "King'ora kitalia, nitakimbia."

Sikia ya Idaho, Marekani, tarehe 28 Julai 1998. Mafundi na wenzao, watu 13, wako ndani ya jengo la maabara ya nyuklia ya serikali. Wanakata umeme, sakiti breka moja baada ya nyingine, wapate kufanya matengenezo. Hawakuwa wazembe kuliko wewe: mfumo wa gesi walikuwa wameuzima kwenye paneli.

Kwenye paneli tu! Mitungi haikufungwa kwa mkono, haikutiwa kufuli, haikuguswa. Breka ya mwisho ikakatwa, na gesi ikafumuka.

Hapakuwa na moto. Hapakuwa na moshi. Hapakuwa na king'ora! Ukungu mweupe ukajaa, mwenzako humwoni, mlango huujui. Mmoja wao hakutoka hai, na wengine kadhaa walitolewa wakiwa mahututi.

Basi usiiamini taa ya paneli ikikuambia umezima. Taa haizuii gesi. Vali iliyofungwa ndiyo inayozuia.

Wala usikimbilie kusema kwamba mfumo unaowashwa kwa mkono ndio wokovu. Nyambizi ya Kirusi iitwayo Nerpa ilikuwa katika majaribio kwenye Bahari ya Japani, tarehe 8 Novemba 2008, na ndani yake watu 208. Gesi ya kuzimia moto ikafunguka, moto haupo. Watu 20 wakafa. Wachunguzi walimtaja baharia mmoja kuwa ndiye aliyeiwasha. Kama walivyosema wao, mashine haikukosea peke yake, kidole kilibonyeza! Kwa hiyo kitufe cha mkono nacho kifunikwe, kiandikwe, kilindwe na mtu anayejua kinafanya nini.

"Lakini moto ukiwaka tukiwa tumefunga?" Haya, swali hilo ni la haki. Mkiwa ndani, mna macho, mna pua, mna mtungi mdogo wa kuzimia moto pale mlangoni. Otomatiki iliwekwa kwa ajili ya saa nane za usiku, chumba kitupu, mlango umefungwa. Zipo pia gesi za kisasa zilizo pole kwa binadamu, sikatai. Hata hizo hazikutengenezwa ili uzivute.

Na umfikirie atakayekufuata! Kabonidioksaidi ni nzito kuliko hewa. Hutuama chini, pale pale utakapokuwa umelala. Msaidizi wako, yule kijana unayemwita "dogo", atakuona umeanguka, ataingia mbio bila kifaa cha kupumulia, na ataanguka juu yako. Yeye hakuchagua. Wewe ulichagua, ulipoipita swichi.

Mara ngapi umejiambia utaanza Jumatatu? Mara ngapi umepita ukiukwepa ule ufunguo kwa jicho, kama mtu anayemkwepa mdai wake? Geuka leo! Geuka sasa, ungali na pumzi ya kugeukia!

Geuza swichi iwe ya mkono. Funga vali ya mitungi, tia kufuli. Ufunguo uwe mfukoni mwako, si mezani kwa mlinzi, si mkononi mwa meneja, si ukining'inia kwenye kufuli lenyewe! Mwambie mlinzi, andika daftarini nani yuko ndani. Ukimaliza, hesabu vichwa vikiwa nje, ndipo ufungue vali na kurudisha otomatiki. Usiache chumba wazi kwa moto usiku kucha kwa sababu una haraka ya daladala. Hilo nalo ni kosa, na nimeliona mara nyingi.

Simu inaita tena. Ni bosi. Mwache aite, mikono yako yote miwili iko kwenye vali.