Kujivua Dhulma Si Kuiondoa



Katika darsa yetu hapa Isiolo tumeisoma barua aliyoiandika Martin Luther King akiwa gerezani Birmingham, Marekani, mwezi wa Aprili 1963. Viongozi wanane wa dini, wazungu, walikuwa wamelalamika kuwa wageni wanauchafua mji wao. Naye alitoka Atlanta. Jawabu yake ni kwamba katika dhulma hapana mgeni. Imfikayo mmoja imewafikia wote.

Yatupasa tuipime barua hiyo kwa habari zetu wenyewe. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, Wasomali wa Kiisaaq, baadhi yao askari waliomtumikia Mwingereza, walipewa makazi hapa Isiolo. Sheria ya 1919 ilikwisha kuwatoa baadhi ya Wasomali katika daraja ya "wenyeji", huku Waafrika wengine wakilazimishwa kuchukua kipande. Mwaka 1936 serikali ilipowawekea kodi ndogo kuliko ya Wahindi, Waisaaq walikataa. Walidai kutozwa ile kubwa, wapate kuhesabiwa pamoja na Wahindi. Naam, walikuwa tayari kutoa mali yao kununua daraja!

Huenda mtu akauliza: wana kosa gani? Aonewaye si hujiokoa? Kweli, kujiokoa ni haki. Lakini kusema "msinionee" si sawa na kusema "msinionee, kwani mimi si kama wale." Neno hili la pili lamkubalia dhalimu kuwa wale wastahiki kuonewa.

Wala ngazi ya nasaba haimhifadhi aipandaye. Mwaka 1989 serikali ya Kenya huru iliwachuja Wasomali peke yao, wathibitishe uraia wao na kuchukua kadi maalumu. Nasaba iliyotakiwa iwe ngao ikageuka kuwa mashitaka.

Sisi tuna hoja iliyo karibu zaidi. Abu Dharr, sahaba mkubwa, alipomtusi mtu kwa ajili ya mama yake, Mtume (s.a.w.) alimkemea kuwa ujahili ungalimo ndani yake. Basi nani kati yetu aliyesalimika? Katika soko letu Mborana, Msomali, Mturkana, Msamburu na Mmeru huuziana kila siku. Lakini akidharauliwa mtu wa kabila jingine, twanyamaza kwa kuwa hatukutajwa sisi. Kunyamaza huko nako ni kununua daraja.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuichukie dhulma kwa kuwa ni dhulma, si kwa kuwa imetugusa. Amin.