Je, Subira ni Kungoja?

Miongoni mwa maneno ambayo sisi walimu wa dini tunayatumia mno, na pengine tunayatumia kabla ya kuyafikiri, ni neno subira. Mtu akifiwa tunamwambia asubiri. Akinyang'anywa shamba tunamwambia asubiri. Akiugua tunamwambia vivyo hivyo, kisha twaaga na kwenda zetu, tukiamini kwamba tumetimiza wajibu wetu. Nataka kulichunguza neno hilo kwa njia ya ugonjwa mmoja ambao hauui, wala kwa kawaida hauna maumivu makali, lakini humwondolea binadamu kitu ambacho hakukithamini kabla ya kukikosa. Nao ni ugonjwa wa kupooza uso.

Yanipasa kuanza na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita, nikiwa nimerejea likizoni kutoka chuo cha dini kilichoko ng'ambo ninakofundisha, nilikaa majuma machache katika kijiji kimoja cha wilaya ya Kyerwa, upande wa Nkwenda. Mama mmoja, muuza ndizi sokoni, aliamka alfajiri kutia udhu, na maji ya kusukutulia yakamchuruzika upande mmoja wa mdomo. Jicho lake la kushoto halikufumba. Shavu lilikuwa limelegea, na mdomo umevutwa kuelekea kulia. Siku ya pili yake akaja kwangu, amejifunika kanga mpaka chini ya macho. Akaniuliza, "Maalim, nimemkosea nani?"

Nilimjibu kwa upole, na maneno yangu yote yalikuwa mazuri. Nikamwambia kwamba hakumkosea mtu, kwamba asiwasikilize wasemao amerogwa, na kwamba asubiri, kwani maradhi ya namna hii huja na kuondoka. Tukaomba dua, akaenda. Siku ya tisa nikapata habari kwamba shemeji yake alimpeleka kwa mganga, akachanjwa chale shavuni, na kwamba jicho lisilofumba limekuwa jekundu kama pilipili kwa vumbi la kiangazi. Ndipo tulipomfikisha hospitali. Tabibu hakunilaumu. Aliuliza tu, mara mbili, ugonjwa ulianza lini, akaandika. Baadaye nilipojifunza kwa nini aliuliza mara mbili, sikupata usingizi.

Yafaa ieleweke kwanza ugonjwa wenyewe ni nini. Kila upande wa uso wa mwanadamu huongozwa na mshipa mmoja wa fahamu, ambao matabibu huuhesabu kuwa wa saba katika ile inayotoka ubongoni. Mshipa huo hupita nyuma ya sikio ndani ya mfereji mwembamba wa mfupa. Ukivimba, hauna pa kutanukia, basi hujibana wenyewe, na amri ya kucheka, kufumba jicho au kukunja paji haifiki inakotumwa. Aghalabu chanzo cha uvimbe huo hakionekani, ingawa wataalamu wengi hushuku virusi vilivyolala mwilini siku nyingi. Wazungu waliuita ugonjwa huo kwa jina la Charles Bell, tabibu wa Uskoti aliyeandika juu ya mishipa ya uso mwaka 1821. Lakini zaidi ya miaka mia nane kabla yake, Abu Bakr ar-Razi alikwisha kuueleza, na kwa Kiarabu ukiitwa laqwa. Si ugonjwa mgeni basi, wala si wa nadra. Katika kila watu 100,000, huwapata kiasi cha watu 20 hadi 30 kwa mwaka. Kyerwa ilipomegwa kutoka Karagwe mwaka 2012, sensa ya mwaka huo ilihesabu watu zaidi ya 300,000 katika kila moja ya wilaya hizo mbili. Ikiwa kiwango ni hicho hicho, basi kila mwaka zaidi ya watu mia moja katika milima ile huamka na uso uliopinda, na wengi wao huulizwa kwanza na jirani zao ni nani aliyewaroga.

Hata hivyo si kila uso uliopinda una asili hiyo. Ikiwa mdomo umeanguka lakini paji la upande ule bado linakunjika, au mkono umelegea, au maneno yamepotea, hicho chaweza kuwa kiharusi, na mgonjwa hana hata saa moja ya kupoteza. Sikio litokalo usaha, ajali ya pikipiki iliyovunja mfupa wa kichwa, na ukoma, vyote vyaweza kuupooza uso. Tena yuko mgonjwa ambaye kupooza uso huwa kwake dalili ya mapema ya kuwa na virusi vya Ukimwi, ndiyo sababu tabibu hushauri apimwe. Katika mkoa wa Kagera, ambako wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi katika Tanzania walitambuliwa mwaka 1983, ushauri huo husikika kama tuhuma. La hasha, si tuhuma. Kupima ni kuuliza, na anayeuliza hajahukumu.

Huenda msomaji akasema: "Bwana Maalim, ulisema kweli. Maradhi hayo huja na kuondoka." Ndiyo, nilisema kweli, na hapo ndipo ugumu wa suala hili ulipo. Tabibu mmoja wa Denmark, Erik Peitersen, aliwafuata wagonjwa wa namna hii kwa miaka mingi bila kuwapa dawa, akaona kwamba kiasi cha saba katika kumi walipona kabisa. Lakini watatu waliobaki hawakupona kabisa. Na uchunguzi uliofanywa Uskoti na kutangazwa mwaka 2007 ulionyesha kwamba waliopewa dawa ya prednisoloni ndani ya saa 72 za kwanza, 94 katika mia walikuwa wamepona baada ya miezi tisa, hali ya kuwa miongoni mwa wasiopewa walipona 82 tu. Tofauti ni watu kumi na wawili katika mia. Mama yule alikuja kwangu siku ya pili. Alikuwa bado na siku nzima mkononi, nami nikamwambia asubiri. Kama yeye ni mmoja wa wale kumi na wawili sitajua kamwe katika dunia hii.

Wengine hudhani kwamba kukimbilia dawa ni kupungukiwa na tawakuli. Sina haja ya kurefusha maneno juu ya jambo hili, kwa kuwa Mtume Mtukufu s.a.w. aliwaamuru watu watafute dawa, na kila mtoto wa madrasa anaijua habari ya Bedui na ngamia wake. Mimi mwenyewe nimeisomesha darasani mara nyingi nisizoweza kuzihesabu. Siku ile kijijini, ngamia nilimwacha bila kamba.

Sasa tutazame yaliyofuata, kwani huko ndiko nilikojifunza nini maana ya subira, na aliyenifundisha si kitabu. Kazi ya kwanza ilikuwa kulilinda jicho. Jicho lisilofumba hukauka, likaingia vumbi, likapata kidonda, na mtu aliyepooza uso tu akaishia kuwa chongo. Kwa hiyo mama alipewa dawa ya kutia jichoni, akaonyeshwa namna ya kulifunga usiku kwa plasta laini, na mchana akaazimwa miwani. Kisha akapelekwa kwa mtaalamu wa tiba ya viungo, ambayo wao huiita fiziotherapia. Wataalamu hao ni wachache, na wagonjwa wengi wa vijijini hawajui kwamba wapo. Yuko anayedhani kwamba hospitali kama Nyakahanga kule Karagwe, au Bugando kule Mwanza, ni mahali pa sindano na kisu tu, wala hajasikia neno utengamao.

Mtaalamu yule hakuwa na mashine. Alimuuliza mama kama ana kioo nyumbani. Mama akanyamaza, kisha akasema kwamba anacho, lakini tangu siku ya kwanza amekigeuzia ukutani.

"Basi kigeuze," akaambiwa. "Dawa yako imo humo."

Nilitazamia kuona mazoezi kama yale ya mtu aliyevunjika mguu, ambaye huambiwa akaze, avumilie, aongeze. Kumbe uso hauendi hivyo. Majuma ya kwanza, misuli ilipokuwa bado imelala kabisa, alikatazwa kujikakamua. Alitakiwa kulisugua shavu polepole kwa vidole, na kulisaidia kwa kidole kupanda mahali pake. Zilipoonekana dalili za mwendo, akatakiwa akae mahali patulivu mbele ya kioo, ainue unyusi kidogo, afumbe jicho bila kulibana, avute pembe ya mdomo kwa kiasi ambacho upande mzima hautaushinda upande mgonjwa, atamke herufi zinazokutanisha midomo, kama ba na ma na pa. Mara chache tu kila safari, lakini kila siku, mara mbili au tatu. Akizidisha nguvu, upande mzima huvuta kila kitu kwake, na mishipa inayorudi hujifunza vibaya. Mshipa wa fahamu ulioharibika huota kwa kiasi cha milimita moja kwa siku, na katika kuota huko waweza kupotea njia. Ule uliokuwa wa mdomo ukafika jichoni, mtu akitabasamu jicho likafumba lenyewe. Hapo kazi huwa ni kuyafundisha maungo upya, moja moja, kucheka bila kufumba, kufumba bila kucheka. Siwezi kudai kwamba elimu ya mazoezi haya imekamilika. Uchunguzi uliokusanywa mpaka sasa una nguvu kidogo, nao unaelekea kuonyesha kwamba huwafaa zaidi wale ambao kupona kwao kumechelewa. Mashine za umeme hazijathibitika. Lakini kioo hakina gharama, na madhara ya mkono mpole ni madogo.

Ndugu msomaji, nilipomtazama mama yule nikaona kwamba neno langu la siku ya pili halikuwa subira. Lilikuwa kungoja, na kungoja anaweza hata jiwe. Wala alichokifanya mganga kwa wembe hakikuwa bidii. Kilikuwa pupa. Uso uliopooza hukataa vyote viwili: ukiuacha unapotoka, ukiulazimisha unapotoka. Unachokubali ni kazi ndogo, sahihi, inayorudiwa kila siku bila kuona matunda ya siku ile, tena ikifanywa mbele ya kile kitu ambacho mwenye kuifanya anakiogopa kuliko vyote, yaani sura yake mwenyewe. Kama hiyo si subira, basi sijui tulikuwa tunahubiri nini.

Liko pia suala la upande wa pili, yaani letu sisi watazamaji. Uso wa mama yule ulipotulia ulikuwa na namna ya kubeza, na alipojaribu kutabasamu ulizidi kubeza. Wanunuzi waliozoea ndizi zake wakaanza kupita na kwenda kibanda cha pili. Mmoja alisema hadharani kwamba amekuwa na kiburi. Sasa, tumefundishwa kwamba kumkabili nduguyo kwa uso mkunjufu ni aina ya sadaka, na ni sadaka ambayo hata fukara anaiweza. Je, aliyenyimwa mshipa amenyimwa na sadaka hii?

Kwa kulijibu hilo naikumbuka Sura ya themanini ya Kurani Tukufu, inayotaja kukunjwa kwa uso mbele ya kipofu aliyekuja kutafuta elimu. Wafasiri wameieleza habari hiyo kwa namna mbalimbali, nami sitaingia humo. Natazama jambo moja tu: aliyekunjiwa uso alikuwa haoni. Mkunjo ule haukumfikia, wala haukumjeruhi, na hata hivyo ulitajwa. Ikiwa uso uliokunjwa una uzito ingawa aliyekunjiwa hakuuona, basi kwa hoja hiyo hiyo tabasamu lililonuiwa moyoni na kuzuiwa njiani halina budi kuwa na uzito pia, hata kama mnunuzi wa ndizi hakuliona. Sadaka ya mama yule ilikuwa imekwisha kutolewa. Aliyekosa ni yule aliyeisoma sura yake kwa haraka. Sisi sote husoma nyuso kwa haraka, kisha tukaapa kwamba tumesoma mioyo.

Nilirudi Kyerwa baada ya mwaka na nusu. Shavu lilikuwa limepanda, ingawa si sawasawa na jingine, na jicho linafumba. Anapocheka, jicho la kushoto hupungua kidogo, naye analijua hilo na bado analifanyia kazi. Nilimkuta sokoni mchana, wateja wamepungua. Kioo chake kidogo amekifunga kwa uzi kwenye nguzo ya kibanda, katikati ya mikungu. Nikatoa salamu. Akaitikia bila kugeuka, kidole kikiwa shavuni.

"Maalim, ngoja kwanza nimalize."

Nikakaa juu ya gunia, nikangoja.